Miezi Mitano ya Mma Dineo

Rra Mokgethi, mstaafu wa reli pale Mafikeng, alimpelekea jirani yake Kelebogile karatasi za bima ya matibabu, amjazie fomu ya kodi. Kila mwezi unaomlipia mkeo bima, kodi hupungua kidogo.

"Nimwandike mkeo, Mma Dineo, miezi mingapi?" Kelebogile aliuliza.

"Kumi na miwili."

"Mjomba, si tulimzika Julai?"

"Bima yake nailipa mpaka leo. Nikimfuta huko, atabaki wapi?"

"Lo, mbishi wewe! Marehemu hapunguzi kodi. Mwaka wa kodi ulianza Machi. Yeye ni mitano tu. Ukizidisha, watakupiga faini."

Mzee akainama, akazihesabu karatasi upya, polepole.

"Haya, andika mitano," alisema hatimaye. "Lakini bima sifuti."