Shingo ya Nini?

Wanafunzi walimwita Mwalimu Seli, naye hakuwahi kukasirika. Alifundisha baiolojia kama mtu anayekutembeza nyumbani kwake: huu hapa utando wa seli, hiki kiini, amri zote zinatokea humu, msipite haraka. Alipoteuliwa kuingia kwenye kamati ya istilahi iliyokuwa ikisanifu maneno ya vitabu vya shule, alitembea wiki nzima akitabasamu peke yake.

Kila Jumamosi kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye feni mbovu, ikabishana. Bandama au wengu? Mitokondria ibaki mitokondria, au iitwe jiko la seli? Mzee mmoja, mtaalamu wa lugha, aliling'ang'ania jiko. Mwalimu Seli akamuuliza kama na vyombo vitaoshewa humo humo, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kazi ile ilimfuata hadi kwa mama yake, aliyeishi upande wa pili wa mji pamoja na kaka yake Mwalimu, fundi wa majokofu. Mama aliutaja mwili kwa jumla jumla, kama watu wote.

"Tumbo linanisumbua," angesema kwenye simu.

"Tumbo lipi, mama? La chakula, au fumbatio lote?"

"Hili hili, mwanangu. Ninalo moja tu."

Walicheka. Lakini siku zilivyokwenda, mama aliuliza habari za wajukuu, akaulizia mvua, na akiulizwa afya yake alijibu, "Mzima tu," kisha akaaga.

Ndipo kaka alipopiga simu. "Mama alikwenda kliniki. Anasema wameona ni shingo."

Mwalimu Seli alikuwa na rundo la mitihani mezani na istilahi za kamati kichwani. "Itakuwa misuli," alisema. "Mnunulie mto mwembamba."

Kaka alinunua mto, akanunua na dawa ya kuchua. Kila jioni akitoka kazini alinawa mikono, akasimama nyuma ya kiti cha mama na kumchua shingo kabla hata hajagusa chakula. Mama alifumba macho, akimwombea dua.

Shule zilipofungwa, Mwalimu Seli alikwenda kuwaona. Gauni la mama lilikuwa likimpwaya mabegani kama la kuazima. Bafuni alikuta ndoo iliyofunikwa, ndani yake vitambaa vimerowekwa na maji yamekuwa mekundu. Akarudi sebuleni, akaketi karibu na mama, akampapasa chini ya taya na ubavuni mwa shingo akitafuta tezi zilizovimba. Hakukuta kitu.

"Mama, nesi alisema nini hasa?"

"Alisema shingo."

"Shingo ya nini?"

Mama akamtazama mwanawe wa kiume, aliyekuwa amesimama na chupa ya dawa mkononi. "Baba, hebu nenda kaniangalizie maji jikoni."

Kaka akaenda.

"Shingo ya nini, mama?"

"Ya kizazi," mama akasema, kwa sauti ndogo sana.

Hospitali kuu hawakuficha. Daktari alimvuta Mwalimu Seli kando, kwenye korido iliyonuka dawa ya kusafishia sakafu. "Mngekuja mapema tungemfanyia upasuaji. Saratani imeshatoka ilipoanzia. Tutampa mionzi, lakini msitarajie makubwa."

Mwalimu Seli alitafuta wa kumlaumu, akalipata neno. Jumamosi iliyofuata aliingia ukumbini macho yamevimba, akasimama kabla kikao hakijafunguliwa. Aliwaeleza kuhusu mama yake aliyeambiwa shingo ya kizazi, akasikia shingo, akakaa nyumbani akichuliwa huku ugonjwa unamla. "Neno hili linaua watu," alisema. "Tuseme mlango wa kizazi, tuseme lolote lile, lakini shingo iondoke." Hakuna aliyebisha. Yule mzee wa jiko la seli alivua miwani akajifuta.

Alitoka hapo moja kwa moja hadi wodini kumpa mama habari. Mama alimsikiliza hadi mwisho, amelala chali, mikono juu ya shuka.

"Nani alikwambia sikuelewa?"

Mwalimu Seli akavuta kiti karibu na kitanda.

"Yule nesi alinieleza vizuri, akanichorea na picha. Nilijua pale pale kwamba ni hii hii iliyomchukua shangazi yako. Sasa kaka yako ningemwambia nini? Kwamba natokwa damu? Mtoto wa kiume? Nikaona neno lenyewe lina shingo ndani yake. Nikachukua hiyo nusu."

"Na mimi je, mama? Mimi si mwanao wa kike?"

Mama alilainisha shuka kwa kiganja. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa.

"Wewe mtu akikwambia panamuuma, unamuuliza kwanza panaitwaje. Nikaogopa kukosea."

Hakuyasema hayo kwa uchungu. Alimpapasa mwanawe mkono, akaomba maji.

Mionzi ilipunguza damu, na mama akapata miezi ya kukaa nje kivulini na kuwatania wapita njia. Kisha miguu ikavimba, figo zikachoka, akafariki nyumbani asubuhi moja, wanawe wote wawili wakiwa chumbani.

Kamati, Mwalimu Seli aliiambia ukweli, kwamba mama yake alikuwa ameelewa kila kitu. Watu waliinamisha vichwa. Mwishowe yakaandikwa maneno yote mawili, shingo na mlango, msomaji achague. Yeye hakupiga kura.

Kwa kaka haikuwa rahisi hivyo. Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, walibaki wawili wakikunja matandiko ya mama.

"Nilikuwa nalala naye nyumba moja," kaka alisema. "Nafua nguo zangu bafu lile lile. Sikuona."

"Alikuficha."

"Najua alinificha. Wewe lakini nilikupigia simu."

Mwalimu Seli alikuwa ameshika ncha mbili za shuka. Alitaka kusema alikuwa na mitihani, alitaka kusema aliambiwa shingo tu. Kaka akazichukua zile ncha mikononi mwake, akamalizia kukunja peke yake, akaenda kufunga madirisha.