Kona Iliyofyekwa kwa Heshima ya Wageni

Harufu ya nyasi zilizofyekwa asubuhi watu wengi huipenda. Mimi hunitia hasira, na chanzo chake nakijua kwa usahihi: kona ya nyuma ya shule yetu ya msingi pale Igogo, nilipokuwa darasa la sita. Uwanja wetu ulikuwa kipara. Kila asubuhi tuliufagia mpaka vumbi likabaki na mistari, na huo ndio ulioitwa usafi. Mwalimu Kulwa, mlezi wa klabu ya mazingira, aliomba kona ile moja iachwe. Tulipanda matete tuliyoyachimba ufukweni, tukazika beseni la maji, tukaacha majani yaote yanavyotaka. Masika yalipokolea vyura walihamia, vipepeo wakafuata, na hatimaye ndege wa manjano, kwera, wakaanza kusuka viota kwa kelele zilizofunika somo la hisabati. Wenzetu walituita klabu ya nyoka. Hatukujali, kwa kuwa wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuikagua bustani yetu hiyo, na kama wangeikubali, ingebaki.

Siku ya ukaguzi, sisi wanaklabu tukifanya mazoezi ya ngonjera mbele ya ofisi, mwalimu wa zamu aliwapokea wachelewaji getini na kuwagawia mafyekeo, kama ilivyo desturi shule inapongoja ugeni. Tuliporudi nyuma, kona ilikuwa nyeupe. Matete yalilala chini na viota vyake. Beseni lilikuwa limeng'olewa na kusuguliwa.

"Nani kasema wafyeke?" aliuliza Mwalimu Kulwa.

"Si wageni wanakuja kuona bustani?" alijibu mwalimu wa zamu, akishangaa kweli. "Ulitaka uwaonyeshe pori?"

Wageni waliitazama ardhi tupu, wakatupongeza kwa usafi, wakanywa soda. Mwalimu Kulwa hakuomba kona nyingine.

Leo nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu bustani za namna hiyo katika shule za Mwanza. Nimeichambua siku ile nikitafuta wa kumlaumu, na kila ninayemkamata ananiponyoka: mwalimu wa zamu hakuwa na husuda, alitaka tu tusiaibike. Juzi mwalimu mkuu wa shule ninayofanyia utafiti, ambako majani ndiyo kwanza yanarefuka, alinipigia simu kuuliza kama msimamizi wangu wa chuo atakuja. Nikamwambia atakuja.

"Basi usijali, mwanangu, mtakuta pasafi."

Nilimweleza kirefu, hoja baada ya hoja, kwa nini pasiguswe. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa kabisa," alisema. "Tutakuachia kidogo kule nyuma ya vyoo, wageni wasikofika."