Mtu Aliyeuita Umeme Moto

Habari ya kifo chake ilinikuta kwetu Mutoyi, nikiwa nakunja waya za paneli ya jua kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia. Aliyepiga simu kutoka Muyinga alisema tu, "Yule mzee wa masini ametutoka, tumeshamzika," kisha akakata. Sitamtaja jina. Hakuwa ndugu yangu wala mwalimu wangu. Alikuwa muuza kompyuta kuukuu, zile zinazoingia na malori kupitia mpaka wa Kobero, na mimi na dada yangu tulipata mashine yetu kwake. Hata hivyo tangu simu ile sijatulia. Ninakaa kuandika, ninainuka, ninakwenda kugusa betri kana kwamba nayo inaumwa.

Mara ya kwanza tulipoingia dukani kwake tulikuwa tumerudi Burundi karibuni kutoka Tanzania, ambako tulikulia. Dada alitaka kufungua chumba cha kuchapa barua na kadi za harusi kilimani kwetu, ambako nguzo za umeme hazijafika. Mzee akatuwashia kompyuta moja kubwa, akaisikiliza, akasema, "Hii iko na nguvu, lakini inakula moto sana." Dada kusikia moto, akavua kitenge chake cha juu, akakitupa juu ya mashine na kuikandamiza kama mtu anayezima jiko la mafuta. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, unaniulia masini! Mi nasema moto, courant!"

"Si ungesema umeme, mzee?"

"Umeme ni ile ya mvua, inapiga ng'ombe. Ya kwenye waya ni moto. Huko Tanzania walikufundisha nini?"

"Kuzima moto," dada akamjibu, na duka zima likacheka.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeona haya. Mzee akanivuta, akaweka kiganja changu nyuma ya mashine, penye matundu ya feni. Upepo wa joto ukanipiga. "Sikia, petit, mdogo wangu. Moto inakula, moto inatapika." Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na umeme wote unaoingia humo mwishowe hugeuka joto. Tofauti ya prosesa moja na nyingine ni kazi iliyofanyika kabla ya joto hilo kutoka. Sisi tuliosema umeme hatukuliona jambo hilo. Yeye aliyesema moto alikuwa amelitamka bila kujua.

Tuliichukua mashine ile kwa sababu ya nguvu zake. Paneli yetu ni moja na betri ni moja, na betri ilikwisha kabla ya adhuhuri, wakati watu wa vilima vya mbali ndio kwanza wanafika. Walitazama kioo cheusi, wakageuka. Shamba tulilolikuta tuliporudi ni jembamba, haliwezi kutulisha wote wawili. Jioni moja dada alisema, "Mvua hizi zikiisha na hali ni hii, navuka tena Kobero. Sikurudi nyumbani ili nione njaa nikiwa nyumbani." Nilijua kwamba akivuka safari hiyo, hatarudi.

Tukaenda Muyinga kulalamika. Mzee alikuwa shabiki. Kwa miaka mingi kampuni mbili kubwa zilishindana kutengeneza prosesa za kompyuta, na yeye aliipenda mojawapo kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Mashindano yenyewe yalikuwa ya kasi. Kumbe waliokuwa wakitengeneza prosesa za simu, kwa sababu betri ya simu ni ndogo, walijifunza kula kidogo, na sasa wanaingia kwenye kompyuta wakati wale wakubwa nao wanahangaika kupunguza ulaji. Nani atabaki juu, sijui, na nadhani hata wao hawajui. Mzee hakutaka kusikia.

"Hiyo ni telefone yenye kibodi," alisema. "Mwanaume hafanyi kazi na telefone."

"Basi nipe mimi," dada akasema, "mimi si mwanaume."

Alitufukuza kwa mzaha. Lakini mvua zikiwa zinakaribia kwisha, akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefungwa bao. "Petit, imekuja masini moja nyembamba, haina hata feni. Nimeiwasha alfajiri, sasa ni alasiri, na bado inatembea. Iko baridi kama maiti. Mi nimeshindwa. Lete ile ya zamani tubadilishane."

Tulipofika alitugeuzia mashine ile mgongo wake juu. Hapakuwa na skrubu ya kufungulia kumbukumbu, wala nafasi ya kuongeza kitu, kwa maana kila kitu kimeunganishwa na prosesa. "Hii hata mi siwezi kuitibu," alisema, sasa hacheki. "Ikikufa, imekufa. Zikija hizi nyingi, mi nitakuwa nauza meza." Kisha akamkabidhi dada mashine ile kwa mikono miwili.

Betri yetu sasa hufika jioni. Dada hakuvuka. Wiki iliyopita nilikwenda Muyinga kuwapa pole jamaa zake, nikaonyeshwa pale alipolala wakati wa ugonjwa. Kando ya kitanda ilikuwepo mashine yetu ya zamani. Binti yake alisema msimu wa baridi aliagiza iwashwe bila kazi yoyote, akawa anaweka viganja nyuma yake. Duka limefungwa. Rafu zimejaa kompyuta ambazo hakuna tena anayejua kuzifungua.

Ndiyo maana situlii. Ninaandika haya kwenye mashine iliyombakiza dada yangu hapa, na ndiyo ile ile iliyokuwa inaondoa kazi mikononi mwa aliyetupa. Kesho itakuja nyingine inayokula kidogo zaidi, na huenda ikafanya yenyewe hata huku kuchapa kwetu. Sisemi tuikatae, sisi tuliookolewa nayo. Ninachosema ni kwamba tunapoambiwa mashine mpya imepunguza kitu, tuulize pia kilichopunguzwa kilikuwa kinamlisha nani, na tumuulize yeye akiwa bado hai.

Nikiwa ninamalizia hapa, mwanamke mmoja amefika akihema kutoka kilima cha mbali, akauliza kama amechelewa. Dada, ambaye zamani alivua kitenge chake kwa neno hilo, amemjibu bila hata kuinua macho: "Ingia, mama. Moto bado upo."