Samaki wa Dada Rehema Chini ya Barafu

Mimi niliishia darasa la saba, leo nina magari matatu ya kuzoa theluji. Hakuna cha kunishtua.

Dada Rehema, daktari aliyeniletea wateja wote wa mtaa wake wa Eden Prairie, huku ughaibuni, alisafiri akaniachia nimtunzie bwawa lake la samaki la bustanini. Nikachungulia kwenye tundu la barafu: samaki wanane wako chini kabisa, hawatikisiki. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Akijua nimewaua, wateja wote wanakwenda naye. Nikakimbilia duka la samaki wa mapambo Roseville, nikanunua wanane wanaofanana nao, nikawamimina tunduni juu ya wale.

Aliporudi, akainama pale tunduni.

“Kaka, hawa wanaoelea, waliokufa kwa baridi, umewatoa wapi? Wangu ni wale kule chini, wamelala tu mpaka barafu iyeyuke.”

Wale wa dukani walinigharimu dola mia tatu themanini na sita na senti arobaini.