Dada Bernadina, Mama Yangu

Baba yangu, Matayo, alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi na swali moja. "Yordani ulimfanya nini?" Yordani alikuwa mdogo wangu. Alizaliwa baba akiwa ameshaondoka, akafa kwa homa kabla hajaanza kutembea. Baba hakuwahi kumwona. Alimuuliza mama swali hilo asubuhi akienda kukata mkonge, akamuuliza tena akirudi, hadi mama akaacha kujibu. Hakumpiga hata siku moja. Majirani walisema Bernadina ana bahati, kapata mume mpole. Loo! Wao hawakulala nyumba moja na lile swali.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, upande wa Magoma, Korogwe. Wakati wa Mwingereza huo. Wazazi wangu walitoka Songea, lakini mimi nilizaliwa hapo hapo kambini, kwa hiyo msiniambie habari za kwetu Songea, sikujui. Nilikuwa na miaka sita.

Ndipo akatokea Kasmiri. Alikuwa mkata mkonge kama wengine, akaugua hadi wakamchimbia kaburi, akazinduka, akaanza kuhubiri. Alisema Mungu amemwonyesha mahali nyikani Handeni, ambapo watu wataishi pasipo mume wala mke, pasipo baba wala mama, maana kila mtu ni mtoto wa Mungu na sote ni ndugu. Watu walimcheka. Mama hakucheka. Siku moja baba akiwa kazini, alifunga vyombo kwenye kanga, akanishika mkono, tukaenda na Kasmiri na watu kama thelathini. Tulitembea siku tatu.

Mahali penyewe walipaita Udugu. Vibanda vya udongo, kisima, mashamba ya mtama na kunde, na jua. Kila mtu mzima aliitwa dada au kaka. Shikamoo ilipigwa marufuku, eti maana yake ni kushika miguu, na miguu ya kushikwa ni ya Bwana peke yake. Tukawa tunasema "Amani, ndugu," hata kwa vizee, na mimi haya ikinijaa. Neno mama ndilo lilikatazwa kuliko yote. Siku ya kwanza nilimwita mama aje anifungue fundo la kanga, akaniinamia, akasema taratibu, "Mimi ni dada Bernadina." Nikacheka. Nilidhani ni mchezo.

Haukuwa mchezo. Watoto tulikuwa na nyumba yetu, akina dada yao, akina kaka yao. Mama akipakua chakula, ugali wangu ulikuwa sawasawa na wa wengine, hata ukoko hakuniwekea. Nilipougua macho, aliyekuja kunitia dawa ni dada Hilaria, mwanamke wa mikono migumu, na mama akapita mlangoni na ndoo yake kichwani. Mama alikuwa na kikohozi kikavu, kimoja kimoja. Kwenye sala nilikaa nyuma nikingoja akohoe, nijue yuko upande gani. Jamani, upweke wa kuwa na mama hatua kumi mbele yako na usiweze kumwita, mimi siwezi kuueleza. Aliyefiwa na mama walau anapewa pole.

Rafiki nilipata mmoja tu, Naeku, msichana wa Kimasai aliyeleta ndama kunywa kisimani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, na Kimasai mimi sikukijua hata kidogo. Siku moja alimwonyesha kidole mama aliyekuwa akichota maji, akauliza, "Yeyo?" Nilipokodoa macho, akakunja mikono kifuani, akafanya kama anabembeleza mtoto. Nikaelewa. Yeyo! Hilo Kasmiri hakulikataza, hakulifikiria.

Nilikaa nalo mdomoni siku mbili. Siku ya tatu, tukipalilia kunde, nikasogea kwenye mstari wa mama, nikasema polepole, "Yeyo." Jembe likasimama. Alikuwa anakaa jirani na Wamasai kama mimi, alijua. Nikasema tena, "Yeyo." Bila kugeuka akajibu, "Ee, mwanangu." Basi, akaendelea kupalilia. Siku ile nililima hadi kaka mmoja akasema nimeshukiwa na Roho. Mwezi mzima nilikuwa na mama, kwa Kimasai.

Halafu akaharibu mwenyewe. Hakuna aliyetusema. Alisimama kwenye mkutano wa Jumapili, akaungama mbele ya watu wote kwamba ameitikia jina lisilo lake. Alilia hadi akakaa chini. Kisha akaja kwangu, akapiga magoti, akanishika mabega.

"Efrazia, nisikilize. Ukiulizwa mbele za watu mimi ni nani wako, na aulize nani, hata awe mfalme, sema dada. Niahidi. Ukiniita lile jina narudi kule kule."

Kule kule wapi, sikujua. Sasa nimezeeka, najua: kwenye lile swali la baba. Pasipo mama, hakuna aliyefiwa na Yordani, na hakuna wa kuulizwa alimfanya nini. Lakini kwa utoto wangu niliona tu kwamba ananiomba kitu, mara ya kwanza tangu tufike, nikaahidi.

Baba alitupata mwaka wa pili. Akashtaki kwa zumbe, yaani chifu wa Wazigua wa sehemu ile, akitaka arudishiwe mtoto. Tukaitwa barazani, mimi, mama na Kasmiri. Baba alikuwa amekonda. Aliponiona alifunika uso kwa kofia. Nilimwonea huruma, kweli, lakini sikutaka kwenda naye. Nilitaka kubaki na mama. Hata mama wa hatua kumi, hata wa kikohozi tu, nilimtaka huyo huyo.

Zumbe alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nikamwamkia, "Amani, ndugu," baraza zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinisogeza karibu, akanyoosha mkono kwa mama.

"Usiogope, mwanangu. Yule ni nani wako?"

Nikamtazama mama. Naye alinitazama, midomo ameibana. Niliona anangoja nitimize ahadi.

"Ni dada."

"Dada yako?"

"Dada Bernadina."

"Na mama yako yuko wapi?"

"Sina mama."

Nilisema kwa sauti, nikijivuna, kama mtoto aliyejibu vizuri darasani. Zumbe akamgeukia mama. "Nawe, huyu si wako?" Mama akafungua mdomo. Nitaapa mbele ya yeyote, alifungua mdomo. Kisha akakohoa, akasema, "Ni wa Mungu." Zumbe akatikisa kichwa, akasema basi mtoto aende kwa mwenye kumtaka.

Mimi nilidhani nimeshinda. Baba aliponishika mkono tukatoka nje, nilidhani tunamngoja mama. Akanipandisha kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Korogwe, nikadhani ananionyesha lori. Lilipoondoka ndipo akanikumbatia, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umeniokoa, mwanangu! Jana zumbe aliniambia wazi: akimwita mama yake, hata mara moja, simtenganishi naye, bado mdogo. Nawe hukumwita!"

Nilipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Dereva hakusimama.

Baba alinilea Manundu, pale Korogwe, akanilea vizuri, sina la kumlaumu. Udugu ulivunjika mwaka wa ukame, watu wakatawanyika, na sikupata mtu wa kuniambia mama alielekea wapi. Nimeuliza kila niliyesikia ametoka huko. Nimezaa watoto sita, na wajukuu siwajui idadi. Nikimtuma mmoja akainuka mara moja, bila kuuliza, bila hata kununa, hasira zinanipanda. "Mbona hukatai? Huna mdomo?" Wanatazamana, wanasema bibi kachanganyikiwa.