Kichefuchefu, Vidonge na Watu wa Benchi la Nje

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha chimio nilifika nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi, na Muuguzi Mkuu akanipokea kwa kunipa ndoo. Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka mingi katika wadi ya upasuaji na nilijiona mtu mwenye cheo. Nikamuuliza ndoo ni ya nini. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na maneno mengi hakuyapenda.

"Iko ya kazi, Papa Kalenga. Damu ulisha kuizoea. Sasa utazoea kutapika kwa bantu."

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi hapa Lubumbashi mnakuta leo mambo mengi yamepangwa, kwa hiyo nitaeleza jinsi sisi tulivyofanya. Chimio ni dawa za saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, tone kwa tone, kwa saa kadhaa. Kila awamu tuliiita cure, na baina ya cure moja na nyingine mgonjwa alirudi nyumbani wiki tatu hivi ili mwili upumue. Dawa hizo huua chembe za mwili zinazozaliana haraka. Saratani huzaliana haraka, lakini nywele pia, na utando wa mdomo, na wa tumbo, na damu yenyewe. Dawa haichagui. Ndiyo maana mtu anapoteza nywele, mdomo unatoka vidonda, na chakula alichokipenda tangu utotoni kinakuwa na ladha ya msumari.

Kichefuchefu kilikuwa somo langu la kwanza. Nilidhani ni jambo la tumbo. Muuguzi Mkuu alinisahihisha: kuna sehemu ya ubongo inayoonja damu, na ikihisi sumu inaliamuru tumbo limwage. Kwa hiyo dawa ya kuzuia kutapika hutangulia, kabla tone la kwanza la chimio halijaingia. Halafu mgonjwa anapewa vidonge vya kumeza nyumbani siku zinazofuata, kwa saa zake, hata kama anajisikia vizuri. Kichefuchefu kikishaingia ni kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Kumwondoa ni kazi.

Mengine tulijifunza kwa kuangalia. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara nyingi. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko bukari, ugali wetu, inayotoka motoni. Asikae karibu na mbabula, jiko la makaa, wakati samaki wa kukauka wanapikwa. Mdomo usukutuliwe kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Na homa, hata ndogo, hakuna kuingoja ipungue. Arudi hospitalini saa hiyo hiyo, kwa sababu damu yake haina askari wa kupigana na vijidudu. Haya yote niliyasema kila siku kwa kila mgonjwa, na niliyasema vizuri. Watu walinisifu kwa kueleza.

Muuguzi Mkuu alipohamishiwa ofisi ya uongozi, mimi nikachukua nafasi yake chini ya Daktari Mkuu wa Huduma, bwana mrefu aliyesoma ng'ambo na aliyependa usafi kuliko usingizi. Hapo ndipo nilipopewa mlango. Mnajua kwetu mgonjwa haji hospitalini peke yake. Familia inamtuma garde-malade, mtu wa kumlinda: anapika, anafua, anakwenda kununua dawa, analala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Lakini chumba chetu kilikuwa na viti vinne tu, na harufu ya sufuria moja ya sombe, majani ya muhogo, ilitosha kuwatapisha wote wanne.

"Garde-malade babaki inje," Daktari Mkuu alisema. "Hii mulango iko yako, Kalenga. Sitaki kuona sufuria humu."

Nililinda mlango ule kama mali ya baba yangu. Nje kulikuwa na benchi la saruji chini ya mabati, na wale mama walikaa pale tangu asubuhi, vikapu vyao miguuni. Sikuwatukana, ila niliwafukuza kwa adabu, na kazi ikaenda. Nilijivunia.

Mama Godelive alikuja kutoka mtaa wa Bel-Air. Alikuwa mshonaji, mama wa watoto watatu, na saratani ilikuwa kwenye titi la kushoto. Mume wake aliendesha lori, leo Kasumbalesa, kesho Kolwezi, hivyo nyumba ilikuwa mikononi mwa mama mkwe wake, Mama Kapinga. Huyu alimsindikiza kila mara na kila mara nilimwonyesha benchi. Daktari Mkuu alipanga cure sita, kisha upasuaji.

Baada ya cure ya kwanza Godelive alirudi amepungua. Baada ya ya pili alirudi akijishika ukutani.

"Vidonge ulimeza, Mama?"

"Nilimeza, Papa."

"Kwa saa yake?"

"Kwa saa yake."

Tukabadilisha vidonge, tukampa vya nguvu zaidi. Cure ya tatu ilipopita alitapika siku nne mfululizo, akaletwa hospitalini ngozi imekauka, tukamwekea serum, maji ya mshipa, siku mbili. Uvimbe wenyewe ulikuwa unapungua, tuliushika kwa vidole na ulikuwa umebaki nusu. Jambo hilo lilimkera Daktari Mkuu zaidi. Dawa inafanya kazi na mwili unakataa, alisema. Ikiendelea hivi tutaiacha kabla haijamuua.

Siku ya cure ya nne Godelive hakuja. Wiki iliyofuata pia hakuja, na simu yake ilikuwa imezimwa. Daktari Mkuu alisema niandike kwenye registre, daftari la wagonjwa, neno lile tulilolitumia kwa wote wasiorudi: amepotea. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sijui kwa nini sikuandika. Labda kwa sababu ule uvimbe niliushika mwenyewe. Nilipotoka kazini nilichukua teksi hadi Bel-Air.

Nilimkuta amekaa uani, kichwa amefunga kitambaa, cherehani yake imefunikwa shuka. Alinikaribisha kwa heshima. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba ameacha.

"Ile dawa yenu, Papa, sitairudilia. Roho inanichafuka hata nikiona barabara ya hospitali. Kama ni kufa, nife na batoto bangu, nisife mu ndoo."

Nilimwambia uvimbe umepungua. Alisema anajua. Nilimwambia zimebaki cure tatu tu. Alitazama watoto wake. Ndipo Mama Kapinga akatoka ndani, akaketi, akafungua kitambaa juu ya magoti yake. Ndani yake kulikuwa na vidonge vyetu, vya cure zote tatu, karatasi zake hazijatobolewa hata moja.

"Papa Docta, usimugombeze," alisema. "Miye ndiye nilivibeka. Anasemaka alimeza juu hataki kunisemea mbele ya bantu."

"Juu ya nini, Mama?"

"Kwetu, mutoto akikula kitu kibaya, unamutapisha, kinatoka, anapona. Sasa mulimupa dawa ya kutoa ugonjwa, na inatoka muzuri kabisa, miye mwenyewe naona. Halafu munamupa ingine ya kuufungia mu ndani. Nikasema, bale ba docta balikosea. Nikamuchemushia na majani machungu, itoke yote."

Hasira ilinipanda. Nilifungua kinywa nimuulize kwa nini hakuja kutuuliza kwanza. Akanitangulia.

"Nilikuwa pale inje kila mara. Hakuna muntu mwenye aliniambia kitu."

Hapo hasira ilinitoka na aibu ikachukua nafasi yake. Mama huyu ndiye aliyeshika chungu, maji, dawa na saa ya nyumba ile, na maelezo yangu yote mazuri nilikuwa nimempa mtu asiyeamua hata kinachopikwa. Yeye nilimpa benchi.

"Mama Kapinga," nilisema, "kosa iko yangu. Miye ndiye nilikufukuza. Sasa niulize yote."

Hakuuliza mara moja. Alikuwa mtu wa kupima. Basi mimi ndiye nikamuuliza: siku ya dawa, mkojo wa Godelive huwa wa rangi gani.

"Mwekundu. Kesho yake pia, kidogo. Miye ndiye nafua mashuka."

"Ile ndiyo dawa, rangi yake ni ile. Inapita mu damu, inafanya kazi, inatokea mu mukojo. Na kwenye ndoo, siku moja uliona rangi ile?"

Alifikiri. "Hapana. Niliona bukari. Nyuma ya bukari, maji."

"Ugonjwa hautokei kwenye ndoo, Mama."

Alikunja na kukunjua kitambaa. "Ni kusema nilikuwa natoa chakula yake," alisema. Godelive alinyoosha mkono akamshika goti, na mimi nikageuza uso nikatazama ile cherehani. Sikuwa mtu wa machozi kazini, lakini siku ile nilitamani kuwa mahali pengine.

Godelive alikubali cure moja tu ya kujaribu, kwa sharti kwamba mama mkwe aingie. Asubuhi yake nilimpelekea sharti hilo Daktari Mkuu.

"Kalenga, ukiingiza mumoja leo, kesho bataingia kumi na sufuria zabo."

"Basi baingie bila sufuria, Docta. Bale ndio banatoa dawa kule nyumbani. Siye tunaandika tu."

Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye soksi. "Dakika kumi," alisema. "Na miguu bapanguse."

Mama Kapinga aliingia, amepangusa miguu mara tatu. Hakujua kusoma, kwa hiyo saa tuliziweka kwa mambo ya nyumba: kidonge cha kwanza watoto wakienda shule, cha pili jua likiingia kwenye veranda upande wa jikoni. Nilimwonyesha jinsi ya kupima maji ya chumvi. Yale majani aliyaacha bila mimi kusisitiza. Na aliporudi wiki tatu baadaye, alitoa ripoti yeye, wima, kabla mgonjwa hajafungua kinywa.

"Alitapika mara moja, siku ya kwanza, magharibi. Bukari alikataa, nikamupa uji ya baridi, akakula. Midomo ilipasuka, sasa inakauka. Homa hakuna."

Niliandika neno kwa neno. Godelive alimaliza zote sita, akapasuliwa, na mpaka leo anashona. Vidole vya mkono wa kushoto vimebaki na ganzi, na nguo zake zinachelewa. Wateja wanalalamika, naye anawaacha walalamike.

Tangu hapo kila garde-malade aliingia kwa zamu, bila sufuria, na nilieleza kila kitu mara mbili. Kazi iliongezeka, na Daktari Mkuu alipostaafu hakuwa amekubali kwamba tulifanya vizuri. Mimi nilistaafu nyuma yake. Sasa nalima mahindi Kasungami, mgongo unauma, na vijana wa chumba kile wananipigia simu mara moja moja kuniuliza habari za vidonge.

Juma langu la mwisho kazini nilikabidhi registre kwa muuguzi aliyenirithi, na kabla ya kuzikabidhi nilizisoma zile za kabla ya Godelive. Neno "amepotea" lilikuwa pale ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wangu, mwandiko mzuri. Mbele ya kila neno kulikuwa na jina, na mbele ya jina anwani: mtaa, namba ya nyumba. Hakuna aliyekuwa amepotea. Walikuwa nyumbani, wanatapika, na mtu anayewapenda amewashikia ndoo akingoja ugonjwa utoke.