Mkwe Asiyeingia Ndani

Mama yangu alifika Bariadi kutoka Tanga akiwa na mabegi mawili, kiroba cha nazi na hamu ya kumpakata mjukuu wake. Mume wangu akahama nyumba siku hiyo hiyo.

Hakugombana na mtu. Alikunja blanketi, akachukua nguo za kazi na mswaki, akaniambia atalala kwa rafiki yake mpaka mama atakapoondoka. Nilikuwa nimetoka kujifungua, mshono unaniuma, mtoto wa kike ananyonya. Nikamuuliza mama amemkosea nini. Swali lenyewe lilimshangaza.

"Hajanikosea. Ni mkwe wangu. Sasa mimi nitalalaje nyumba moja na mayu?"

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Alilitamka neno hilo kwa adabu kubwa, kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Kwetu pwani mkwe ni mwana. Mume wa binti hula alichopika mama mkwe, na akiumwa kichwa mama mkwe ndiye wa kwanza kuuliza kama amekunywa dawa. Mama alikuwa amemletea viungo vya pilau, amevifunga kwenye karatasi tatu tatu. Si kwamba nilikuwa sijui lolote. Nilipoolewa niliambiwa nisimpe baba mkwe mkono, nami sikumpa. Lakini nilidhani mambo hayo yanakaa kijijini Mwamapalala kwa wazee wa mume wangu, kwenye ng'ombe na mashamba ya pamba, hayafiki mjini kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili yenye king'amuzi. Tulipofunga ndoa bomani kule Tanga mume wangu alifikia kwa mjomba wangu, na mama alimwona kwa mbali tu. Nikasema ni haya ya bwana harusi. Wanaume wenye haya siku hizi ni wachache, nikajiona nimepata.

Wiki ya pili mama alikwenda sokoni. Alirudi midomo imebana, akaweka kapu chini.

"Nimemwona mumeo. Aliponiona kashuka kwenye baiskeli, kaingia duka la misumari. Nimesimama pale nje kungoja atoke nimsalimu. Hajatoka. Mwanangu, umeolewa na mtu au umeolewa na sungura?"

Nilicheka, halafu nikalia. Mama naye hakuwa malaika. Jioni nzima alisema juu ya Wasukuma maneno ambayo nisingependa jirani zangu wayasikie. Akamalizia kwamba arobaini ikiisha tufunge mizigo, mimi na mtoto, twende nyumbani. Sikukubali na sikukataa. Nilimpenda mume wangu. Pia nilikuwa nimezaa, na mume wangu hayupo.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mshauri wa ndoa. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza, chumba kidogo nyuma ya duka la madaftari. Mshauri alikuwa mama wa makamo kutoka Kilimanjaro, mkarimu, mwenye chupa ya chai na sauti ya kumtuliza mtu. Nilimweleza yote. Nilimweleza hata habari ya mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, aliyeishi siku chache akafa amepakatwa na baba yake, mimi nikiwa nimelala. Akasema pole sana mdogo wangu, akanimiminia chai, kisha akarudi kwenye alichokuwa akikitafuta.

"Mume anayekimbia nyumba yake ana nyumba nyingine. Wanaume wa huku nawajua. Msimu wa pamba ukiisha, mtu anaongeza mke."

Nikamwambia mume wangu si mkulima, ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akasema ni yaleyale. Halafu akatabasamu, akaongeza kwamba na sisi wanawake wa pwani tumezoea kubembelezwa mno. Kwa kikao kimoja alikuwa amewamaliza watu wa mikoa miwili, na chai yake haijapoa.

Nilikasirika, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Nikampigia simu yule rafiki anayemlaza mume wangu. Akaniambia shemeji, yupo hapa, na kwa anavyokoroma natamani angekuwa na nyumba nyingine ya kulala. Kwa hiyo mwanamke mwingine hakuwepo. Nikapumua. Kisha nikajiuliza: kama hakuna mwanamke, ni nini basi? Afadhali ningemkuta na mwanamke, ningejua wa kumtukana.

Mshauri akaita kikao cha wote. Tulikaa mimi na mama na mtoto, kiti kimoja kikibaki kitupu. Mume wangu alikuja kwa wakati, amevaa shati la kanisani. Alifika mlangoni, akaona kanga ya mama, akarudi nyuma kama mtu aliyekanyaga moto. Tukamsikia anazunguka nyumba. Akasimama nje ya dirisha, ametupa mgongo.

"Karibu ndani, baba," mshauri akasema.

"Asante. Hapa nasikia vizuri tu."

"Mazungumzo ya ndoa hayafanywi dirishani."

"Ninyi semeni. Mimi nipo."

Mshauri alinitazama kwa macho ya kusema unaona mwenyewe. Akaninong'oneza kwamba mwanaume asiyeweza kuwatazama watu usoni ana jambo. Mama akageuza uso ukutani, nami nikaona bega lake linatetemeka. Sikujua kama ni hasira au kicheko, na mpaka leo hajaniambia.

Aliyetuokoa, au niseme aliyetuchanganya zaidi, ni mwenye duka la mbele, Msukuma wa Dutwa, aliyekuja kuona ni mtu gani amesimama dirishani kwake.

"Dada, huyo humpati humu ndani," akamwambia mshauri. "Mkwe wake amekaa hapo. Hata mimi nisingeingia. Kwa wanaofuata mila, hata jina la mkwe hulitaji."

Uso wa mshauri ulifunguka. Mtu ungedhani amepata ufunguo uliopotea miaka. Kumbe ni mila! Akaanza kupanga kila kitu upya mbele yetu: halali nyumbani, ni mila. Hali chakula nyumbani, ni mila. Nikamkumbusha kwamba hata mtoto hamtaji wala kumuulizia. Akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikasema tumempa jina la mama yangu. Akapiga makofi kwa furaha. Basi, ndiyo hiyo, hawezi kulitamka. Akasema hakuna tatizo lolote hapa, tujifunze kuheshimu tamaduni za wenzetu, nivumilie mpaka mama aondoke. Uhakika ulikuwa uleule wa juzi, ameugeuza tu upande wa pili kama chapati. Na yule mtu wa dirishani, aliyesemwa mara ya kwanza kuwa mhuni na mara ya pili kuwa Msukuma, hakuulizwa hata neno moja.

Nilipaswa kufurahi. Nilitoka pale kichwa kizito kuliko nilivyoingia. Mwalimu mkuu wetu ni Msukuma wa Sapiwi, na mama mkwe wake anaishi kwake, wanatazama taarifa ya habari pamoja. Nilipomuuliza alisema wengine wanashika sana, wengine wameacha, inategemea mtu alivyolelewa. Inategemea mtu. Kwa hiyo nikarudi palepale, kwa mtu mmoja, mume wangu, ambaye nilikuwa simwelewi.

Maana alikuwa anakuja. Kila alasiri alisimama nje ya ua, kwenye kona, na kunipigia simu nitoke. Alileta mkaa, nyama, mchele wa shambani kwa kaka yake. Aliniuliza kuhusu mshono, kuhusu usingizi, kama mama ana chochote anachohitaji. Akijua mama amechoka na ugali, kesho yake analeta ndizi. Lakini nikimtolea mtoto alirudi hatua nyuma. "Nimejaa vumbi la pamba. Atakohoa." Siku ya mapumziko, akiwa msafi ananukia sabuni, alisema ana mafua. Nilijiambia ni lile jina. Nilikuwa nimeshafundishwa kuheshimu tamaduni, na mwanafunzi mzuri huwa hajibishani na somo.

Siku moja mama alikuwa anachambua mchele barazani, akatuona kupitia upenyo wa ua. Nilipoingia hakunitazama.

"Mwanangu, nakuuliza. Mimi ni mkwe wake, ananiheshimu, nimekubali. Na huyu mtoto, naye mkwe wake?"

"Mama, ana jina lako. Hawezi kulitaja."

"Nani kamwambia alitaje? Mtu asiyeweza kutaja jina, na mikono nayo inakufa ganzi?"

Mama akaendelea kutoa vijiwe, akivitupa uani kimoja kimoja. Kisha akasema ataondoka keshokutwa, hatangoja arobaini. Nikamwambia nitafunga mizigo yangu pia.

"Hufungi kitu. Kama ananikimbia mimi, nikiondoka ataingia. Kama anamkimbia mtoto, nikiondoka hatakuwa na pa kujificha. Mimi nimechoka kuwa ukuta wa mtu. Kaa uone. Ukiona hapana, nipigie, nitakuja kuwachukua mwenyewe."

Nilitaka kumkatalia. Nilitaka pia aniambie nini hasa anachokiona. Hakusema, labda hakujua. Alikuwa bado ana kinyongo na lile duka la misumari.

Kwenye kituo cha basi mume wangu alisimama ng'ambo ya barabara, mgongo kwetu, anatazama maduka yaliyofungwa. Mizigo ya mama, niliyomkabidhi alfajiri pale nje ya ua, ilikuwa imeshapakiwa kabla hatujafika, pamoja na gunia la mchele ambalo hatukulileta sisi. Mama akaliona. "Mwambie wabeja sana," akasema. Sikujua amejifunza wapi asante hiyo ya Kisukuma. Akapanda.

Alasiri hiyo mume wangu akarudi na blanketi lake. Aliingia ndani, akatazama huku na huku, kama nyumba imehamishwa. Nilikuwa kitandani na mtoto. Yeye akakaa kwenye kiti cha mlangoni, mbali. Nikangoja. Alisifu mapazia. Aliuliza kama gesi imekwisha. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama ameondoka," nikamwambia. "Vumbi huna. Mafua huna. Mtoto huyu hapa."

Akainamisha kichwa.

"Ile habari ya mkwe ni ya kweli. Sikukudanganya. Hata akija tena nitatoka."

"Najua."

"Lakini alipokuja, nilishukuru."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akasema tena, taratibu, kwamba siku mama aliposhuka kwenye basi alimshukuru Mungu, kwa sababu sasa alikuwa na sababu ya kutoka ambayo hakuna mtu angemuuliza. Baba yake angemsifu. Majirani wangemsifu. Kule kwa rafiki yake alilala usingizi mzuri mara ya kwanza tangu nipate mimba.

Sikujua nimkasirikie kwa lipi. Heshima ilikuwa ya kweli na woga ulikuwa wa kweli, vimelala blanketi moja, na mimi nilikuwa nimeshauriwa kuheshimu vyote viwili. Nikashuka kitandani, nikamfuata na mtoto pale mlangoni. Hakukimbia, lakini mikono yake aliibana katikati ya magoti.

"Akifa nimemshika?" akaniuliza.

Sikumwambia hatakufa, maana hata yule wa kwanza hakuna aliyetuambia atakufa. Mtoto alikuwa macho, anatazama taa. Nikamwekea mikononi, na mikono yangu nikaiacha chini ya yake.